Udongo wa Kaburi na Bei ya Kiwanja

Pwani yetu, kuanzia Bunju hadi Saadani, ina hukumu ambayo haijaandikwa popote lakini hutekelezwa kila siku. Mwanamume akifiwa na mke, tanga halijaanuliwa sawasawa watu wameshaanza kumtafutia wa kumpikia. Shangazi anataja jina, jirani anataja jina, na ostadhi anamkumbusha kwamba mtu kukaa peke yake si vizuri. Mwanamke akifiwa na mume, akakaa eda yake yote, akaogeshwa, akabadili nguo, kisha mwaka wa tatu au wa tano akaonekana anacheka na mtu asiye ndugu yake kituo cha daladala, Bagamoyo nzima inapata habari kabla ya adhuhuri. Hata udongo haujakauka, watasema. Watoto wamekua, anatafuta nini tena? Na kama ana wajukuu litatolewa lile neno la kufunga mjadala: mtu mzima hovyo.

Mimi nasema hukumu hii haina mguu wa kusimamia. Haina mguu wa dini, haina wa sheria, haina wa mila za wenyeji wa hapa, na hiyo huruma inayojidai kuwa nayo kwa marehemu na watoto wake ni ya kuazima. Wala sigombani na wakali peke yao. Wapo wapole wanaosema mjane aachwe aolewe, maskini, apate stara, apate wa kumlipia watoto ada na wa kumwezekea nyumba kabla ya masika. Hao nao nina neno nao, na wakivumilia nitawafikia.

Nianze na dini, maana ndiyo ngao inayoinuliwa kwanza. Kurani, Sura ya Baqara aya ya 234, imeweka eda ya mjane kuwa miezi minne na siku kumi; mwenye mimba, eda yake inakwisha akijifungua. Aya inayofuata, ya 235, inakwenda mbali kuliko wengi wetu tunavyothubutu. Inasema mwanamume anayemtaka mjane hana dhambi kumdokezea angali edani, ilimradi wasiwekeane ahadi ya siri na wasifunge ndoa kabla muda haujatimia. Yaani Mola ameshajua kwamba moyo wa mtu waweza kumwelekea mjane hata ndani ya eda, na hakuukaripia. Sisi tunaukaripia mwaka wa saba.

Na eda yenyewe ilikuja kumpunguzia mjane mzigo. Kabla ya Uislamu, mjane wa Kiarabu aliingizwa kibanda kibovu, akavaa nguo mbovu kuliko zote alizonazo, hagusi manukato, akakaa humo mwaka mzima. Mtume aliwakumbusha wanawake wa Madina habari hiyo alipoletewa ombi la mjane aliyetaka kupaka wanja akiwa edani: hakumruhusu, lakini aliwaonyesha kwamba siku walizopewa sasa ni chache mno wakizilinganisha na ule mwaka wa kibandani. Basi anayemwongezea mjane miaka baada ya eda, kwa jina la dini hiyo hiyo, ajue anamrudisha wapi.

Sina ugomvi na kizuka. Mke aliyefiwa anahitaji kukaa chini, kulia, kuletewa uji na wifi zake, kutoulizwa bei ya chochote. Anayemaliza miezi ile akiwa ameshikwa mkono na watu wake hutoka akiwa mzima zaidi kuliko yule aliyerudishwa genge lake la samaki siku ya nane kwa sababu ndani hakuna kitu. Ugomvi wangu ni na watu wanaomtoa eda kwa hoi hoi na ubani, wakamvika nguo mpya, halafu wakategemea abaki kizuka hadi kufa kwake bila hata ule uji.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wenye shingo ngumu ni cha Subay'a, mwanamke wa kabila la Aslam. Mumewe, Saad bin Khaula, alifariki wakati wa Hija ya Kuaga, naye akiwa mja mzito. Akajifungua muda mfupi baadaye. Alipopata nguvu akajipamba, maana wachumba walikuwa wameanza kubisha hodi. Akaja mzee mmoja, Abu Sanabil, akamkemea: unajipamba kwa nini, huwezi kuolewa mpaka zipite siku zako. Subay'a hakulia wala hakujifungia. Alivaa nguo zake akaenda kwa Mtume mwenyewe kuuliza, na jibu likawa kwamba yu huru, aolewe akitaka. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Si ngano ya barazani. Na iko riwaya inayoongeza jambo moja: huyo Abu Sanabil alikuwa ameshampeleka posa, akakataliwa. Nikiwasikia mabwana fulani wakimsema mjane kwenye kahawa na kashata, hiyo ndiyo riwaya inayonijia kichwani.

Kwa wale wa nuksi, wanaonong'ona kwamba fulani ana kisirani, kamla wa kwanza atamla na wa pili, nawapa jina la Atika binti Zaid. Mumewe wa kwanza, Abdallah mtoto wa Abubakar, alikufa kwa jeraha la vita vya Taif. Akaolewa na Omar bin Khattab, na Omar akauawa. Akaolewa na Zubeir bin Awwam, naye Zubeir akauawa. Watatu! Hapa kwetu huyo angeshapelekewa mganga. Watu wa Madina walisema nini? Walisema anayetaka kufa shahidi na amwoe Atika. Husimuliwa pia kwamba yule Abdallah, kwa mapenzi, alimpa mali kwa sharti asiolewe tena baada yake. Sharti hilo halikumzuia. Na waliomwoa baada yake walikuwa miongoni mwa watu wazito kuliko wote wa zama zao, hawakumwogopa na hawakumwona kombo.

Kwa upande wa Wakristo, ambao pale Bagamoyo wana misheni tangu 1868, jambo ni fupi zaidi. Mtume Paulo amewaandikia Wakorintho kwamba mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu, na kiapo cha ndoa chenyewe kina kikomo ndani yake: kifo. Anayedai kiapo kinaendelea ng'ambo ya kaburi amekiongezea kipande ambacho padri hakukisoma.

Mila, je? Hapa ndipo wengi huchanganya zao na za wengine. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, wenye ardhi hii kutoka Dar es Salaam hadi Pangani, wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamke akiolewa alibaki mtu wa kwao, na watoto wake walikuwa wa kwao, chini ya macho ya mjomba. Leo unamkuta kijana wa Kikwere amesimama mlangoni anasema mama ni wa ukoo wa baba, hatoki. Hiyo mila ameitoa wapi? Bibi yake mzaa mama angemcheka.

Kama si dini, na mila yenyewe ni ya kuazima, kinacholindwa ni nini? Tazama kinachotokea mtu mmoja mahususi anapopeleka posa: shemeji. Mdogo wa marehemu akisema atamwoa shemeji yake, wale wale waliolilia udongo mbichi wananyamaza. Wengine ndio wanaompeleka. Inaitwa kufuta machozi, inaitwa watoto wasilelewe na mtu baki. Udongo umekauka ghafla! Kwa hiyo tatizo halikuwa ndoa, wala kitanda cha marehemu, wala haraka. Tatizo lilikuwa mjane kutoka nje ya uzio na kilichomo ndani ya uzio. Kurani imelikataza jambo la kuwarithi wanawake kwa nguvu, Sura ya Nisaa aya ya 19, kwa maneno ambayo hayahitaji shehe kuyafafanua. Shemeji akipendwa na mjane mwenyewe, na aolewe naye, heri. Ninachosema ni kwamba ukimya wetu kwa shemeji unaonyesha tulikuwa tunalia nini.

Na kilichomo ndani ya uzio kimepanda bei. Miaka 30 iliyopita shamba la minazi na mikorosho pale Mapinga, Kerege au Kiromo lilikuwa shamba tu, nazi zikianguka hakuna anayezikimbilia. Tangu Dar es Salaam ianze kutambaa kaskazini, na tangu mkataba wa bandari ya Mbegani ulipotiwa saini mwaka 2013 na madalali wakamiminika, hata kama bandari yenyewe ilikuja kukwama, mashamba yale yamekuwa viwanja. Heshima ya marehemu nayo imepanda sambamba. Ami ambaye hakuja hata kuangalia mgonjwa, sasa anajua mipaka ya shamba kwa hatua za miguu, na anajua kwamba mjane akiolewa na mtu wa nje huenda akataka chake kijulikane.

Chake ni nini? Kwa sheria ya Kiislamu, mume akiacha watoto mke anapata thumuni. Asipoacha watoto anapata robo. Wake wakiwa wawili au watatu wanagawana hiyo hiyo. Ni sehemu ndogo, na mtu akitaka kubishana juu ya udogo wake ni mjadala mwingine. Lakini ikishatoka, ni mali yake kama kanga aliyoivaa. Haijaandikwa popote kwamba akiolewa airudishe. Aliirithi kwa kuwa mke wa marehemu siku alipofariki, basi. Harusi ya baadaye haifiki huko nyuma. Wanaosema ataondoka na mali ya watoto wanamaanisha ataondoka na mali yake, na hilo ndilo linalowauma.

Sheria ya nchi nayo imesema kwa sauti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inatamka kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yu huru kuishi anapotaka, na yu huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume amchaguaye mwenyewe. Kwa aliyeolewa Kiislamu, kinachosubiriwa ni eda tu. Nchi ilikuwa na miaka 10 ya uhuru ilipoyaandika hayo. Ni kweli kwamba sheria zetu hazikuamka zote siku moja. Matangazo ya sheria za kimila ya mwaka 1963 yangalimo vitabuni, na yanasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atunzwe na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba ni za kibaguzi lakini ikasita kuzifuta. Walipokwama na huko kwenye rufaa wakalipeleka jambo lao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Nawataja kwa sababu mjane anayeogopa kunyang'anywa kitanda hawezi kukaa akafikiri nani anampenda. Mlango wa moyo wake umefungwa na msimamizi wa mirathi asiyegawa, na ndiyo maana nawaambia wanawake wa Dunda na Magomeni: nendeni mahakama ya mwanzo, mirathi igawanywe kwanza, jina lako liandikwe, ndipo uje usikilize maneno ya baraza kwa sikio moja.

Wakizidiwa kwenye mali, wanakimbilia kwa watoto. Hii ndiyo hoja yao ya pekee yenye nyama, na sitaipita kwa kejeli. Baba wa kambo anaweza kuwa mbaya. Wapo wanaotesa watoto wa wenzao, wapo wanaowaharibu mabinti, na mama aliyepofushwa na mapenzi anaweza kuchelewa kuona. Mjane mwenye watoto wadogo anayeingiza mtu ndani bila kuulizia habari zake kule alikotoka anafanya kosa, na jirani anayemwonya anafanya wema. Lakini hoja hii ikibebwa mpaka mwisho wake haimwangukii mume mpya peke yake. Inawaangukia ami na binamu wanaolala nyumba hiyo hiyo, ambao nao wanaume, ambao nao wana mikono. Mtoto analindwa kwa macho ya mama yake na ya majirani, kwa mlango wenye komeo na kwa mama ambaye akilalamika anasikilizwa. Mama anayenyamazishwa kuhusu ndoa yake mwenyewe atanyamazishwa pia atakapokuja kushitaki.

Zaidi ya hapo, wanatumia watoto kumtisha: ukiolewa tunawachukua. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani hii, mama akiolewa na mtu baki haki yake ya kulea inaweza kumtoka. Lakini inakwenda kwa nani? Inakwenda kwa bibi mzaa mama kwanza, sio kwa ami mwenye macho ya kiwanja. Na mahakama zetu huangalia maslahi ya mtoto kabla ya jambo lolote.

Tena kuna mfano ambao kila mtoto wa chuo hapa Bagamoyo ameula pamoja na chakula chake. Sote tulifundishwa adabu za mezani: piga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Aliyeambiwa maneno hayo ni nani? Ni Omar bin Abi Salama, mtoto yatima, mkono wake ukirukaruka ndani ya sahani. Mama yake, Ummu Salama, alifiwa na mume aliyekufa kwa jeraha la vita vya Uhud, akabaki na watoto wadogo. Mtume alipompelekea posa, alijibu kama mjane yeyote wa Nianjema angejibu: umri wangu umekwenda, nina wivu, na nina watoto. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohesabiwa kuwa kikwazo. Adabu tunayowachapia watoto wetu mikono ni maneno ya baba wa kambo akimlea mtoto wa mjane kwa upole. Tumekariri hadithi na kumsahau mama yake.

Sasa nimewafikia wapole.

Wapole wanasema: aolewe kwa sababu ana shida. Nawauliza, na asiye na shida? Pale Mlingotini wapo akina mama wanaolima mwani, wanaoingia baharini maji yanapokupwa na kurudi na magunia yao, wana vikoba, wana nyumba za bati walizojenga wenyewe. Mmoja wao akisema sihitaji wa kunilipia ada, watoto wamemaliza, paa halivuji, ila nimempenda mtu, wapole wanakosa jibu. Stara anayo. Kinachobaki ni hamu yake, na hamu ya mwanamke wa miaka 50 ndicho kitu ambacho mji huu haukijui pa kukiweka. Somo wake alimfundisha mapenzi alipokuwa mwali. Hakumwambia kwamba mafunzo yale yana tarehe ya kwisha, na tarehe yenyewe ni ya kifo cha mtu mwingine.

Tunapenda mapenzi, lakini tunayapenda yakiwa yamekufa. Ukienda kwenye magofu ya Kaole, waongozaji watakuonyesha kaburi wanalosimulia kuwa ni la mume na mke waliozama pamoja baharini. Wageni husimama hapo kwa huruma. Wangezama wote ni wapenzi. Akizama mmoja, aliyebaki ufukweni anakuwa tatizo la ukoo.

Bagamoyo hiyo hiyo ina kisa kingine ambacho waongozaji hawakisimulii, nami nadhani kinafaa kuliko kaburi. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, chama cha FRELIMO kilikuwa na shule yake ya sekondari hapa Bagamoyo. Kiongozi wa chama, Samora Machel, alikuwa amemwoa Josina huko Tunduru mwaka 1969. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na mpaka leo siku hiyo ni Siku ya Wanawake Msumbiji. Samora akabaki mgane. Mwaka 1975 alioa tena, akamwoa Graça Simbine, mwalimu ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa shule ile ya Bagamoyo. Sijawahi kusikia mtu, hapa wala Maputo, akiuliza kama udongo wa Josina ulikuwa umekauka. Binti waliyempata wakampa jina: Josina. Wanaosema ndoa ya pili inafuta ya kwanza wamtazame binti huyo, aliyezaliwa na mke wa pili na kubeba jina la wa kwanza.

Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Samora ilianguka Mbuzini, na mwalimu wa zamani wa Bagamoyo akawa mjane, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41. Huyu hakuwa mtu wa kuhitaji stara. Alikuwa waziri wa elimu. Baadaye aliandika kwa niaba ya Umoja wa Mataifa ripoti ya mwaka 1996 juu ya watoto vitani, ambayo inatajwa hadi leo. Jina alikuwa nalo, kazi alikuwa nayo, na heshima ya kuwa mjane wa shujaa, ambayo ni kiti kizuri sana cha kukalia mpaka kufa ukitaka, alikuwa nayo. Tarehe 18 Julai 1998, akiwa na miaka 52, aliolewa na Nelson Mandela siku Mandela alipotimiza miaka 80. Umri ule hauchumbii kwa ajili ya paa. Walikuwa watu wazima wawili waliopendana hadharani mbele ya dunia, na dunia ikafurahi. Jina la Machel hakuliacha.

Mtaniambia: huyo ni Mandela, nani angemkataa? Haya, nichukue mwanamke mwingine aliyefiwa mwaka huo huo wa 1986, ambaye hakupigiwa makofi. Wambui Otieno wa Kenya, mpiganaji wa zamani wa harakati za Mau Mau, alifiwa na mumewe, wakili S.M. Otieno, Desemba 1986. Ukoo wa mume ulimpeleka mahakamani kugombea maiti, na mwaka 1987 ukashinda. Otieno akazikwa Nyalgunga, mbali na alipotaka mkewe. Miaka mingi baadaye, 2003, akiwa na umri wa miaka 67, Wambui aliolewa na kijana fundi, Peter Mbugua, ambaye umri wake haukufika nusu ya wake. Nairobi ikatoka povu. Kwa lugha ya vijiwe vyetu yule kijana angeitwa kibenteni, angeitwa marioo. Waliishi pamoja hadi Wambui alipofariki mwaka 2011.

Simtoi Wambui kuwa mfano wa kuigwa, kila mtu na bahari yake. Namtoa kwa sababu ndiye kipimo. Wote tunamkubali mjane akipendwa na rais. Swali ni kama tutamkubali mama wa mwani akipendwa na fundi wa mitumbwi aliye mdogo kwake kwa miaka sita, mtu asiye na cheo, anayenuka lami ya kuzibia mashua. Ukoo ulioweza kumchukulia Wambui maiti ya mumewe kwa hukumu ya mahakama haukuwa na chochote cha kumdai tena. Bado ilionekana ana deni la kubaki mpweke. Deni hilo analidai nani? Marehemu hakuliacha kwenye wasia. Mimi nimeyasikia madai yake kwa walio hai tu.

Tukishamkatalia posa ya mchana, tunapata tulichokitafuta. Mama anapokea simu chooni. Anakwenda kukutana na mwenzake Dar es Salaam kwa kisingizio cha kufuata mzigo Kariakoo. Anafungishwa ndoa ya siri kwa shahidi wa kuokota, bila cheti, na mtu huyo akija kumgeuka hana pa kushitaki. Tumemvunjia heshima ile ile tuliyodai kuilinda, halafu tunamfumania na kusema si mnaona.

Kwa hiyo nimalizie na vijana, maana katika nyumba nyingi nilizozijua sio ami aliyeirudisha barua ya posa. Ni mtoto wa kiume, kidume cha nyumba, mwenye ndevu za juzi na labda mwenye wake wawili yeye mwenyewe. Kijana huyo anasema mama yangu haolewi, kana kwamba ameombwa ruhusa. Katika madhehebu yetu ya Shafii walii wa mwanamke ni baba yake. Kisha babu mzaa baba, kaka zake, watoto wa kaka zake, ami zake. Na kwa kuwa ameshaolewa kabla, ridhaa yake lazima aitamke kwa mdomo wake, kimya chake hakitoshi wala ridhaa ya mwingine haimfai. Mawalii wakimkatalia mtu anayemfaa bila sababu ya kisheria, uwalii unahamia kwa kadhi. Mtoto wa kumzaa, kwa huo utoto wake tu, hayumo katika orodha.